Mstari Ulionyooka Mno

Alhamisi, 3 Oktoba 1957

Watoto thelathini leo. Mvua tangu alfajiri, lakini akina mama wamekuja, majani ya mgomba kichwani, matope mpaka magotini. Mimi nimepima, Mamere Paula ameandika kadi. Hapa watawa wote huitwa Mamere. Huyu ndiye anayeongoza kituo chetu cha kupima watoto, pale kwenye maporomoko ya mto. Mikono yangu inanuka maziwa yaliyocheuliwa.

Wastani wa watoto wasiofika mwaka: kilo sita na gramu mia tisa. Mwezi uliopita ulikuwa huohuo. Mamere ameridhika. Anapenda wastani kama wengine wanavyopenda rozari. Ni yeye aliyenifundisha shuleni: jumlisha, gawanya, utapata moyenne, yaani wastani, na hiyo ndiyo hali ya watu wote kwa neno moja.

Nilitafuta mtoto mwenye kilo sita na gramu mia tisa. Hakuna. Kuna wale ambao baba zao wana kazi kwenye uwanja wa ndege wa Simi-Simi: kilo nane, kilo tisa, mashavu yanang'aa. Kuna wa wavuvi: kilo tano na kitu. Katikati hakuna mtu. Wastani ni kiti kitupu.

Filipo, mtoto wa dada yangu Koleta: kilo sita na gramu mia nane. Mamere alisema yuko karibu na wastani, mtoto mzuri. Koleta akatabasamu. Mimi nilipomtoa kwenye sahani ya mizani nilihisi mbavu zake, ubavu mmoja mmoja, kama meno ya kitana.

Nilipogeuka, Mama Lobela alikuwa nyuma yangu. Ndiye mama mkwe wa Koleta, koko wa Filipo, bibi yake mzaa baba. Sikumsikia akija. Zamani alikuwa akisikika kabla hajaonekana. Nilishtuka mpaka nikaangusha kitambaa.

Jumapili, 6 Oktoba

Baada ya misa nilimsindikiza Koleta kwake. Maji yamepanda. Magogo ya mitego yamebaki ncha tu juu ya povu, na vikapu vikubwa vyote vimetolewa, vimeegeshwa ukutani mwa nyumba, vimekauka. Hakuna samaki mpaka maji yashuke. Bazile, mume wa Koleta, amekwenda Isangi kukata kuni za meli. Anatuma kidogo. Nyumbani wanakula pondu na kwanga, majani ya muhogo na mkate wa muhogo, kesho kwanga na pondu.

Filipo hakulia hata mara moja. Alinitazama. Mtoto wa miezi kumi hapaswi kutazama hivyo.

Miguu yake imefungwa kitambaa cheusi, kutoka kifundo hadi karibu na goti. Chini yake kuna bangili za shaba. Sisi watu wa Yanonge hatuna desturi hiyo. Ni ya wakwe wa Koleta. Koleta alizika wawili kabla ya huyu. Mtoto anayekuja baada ya vifo huvishwa shaba na koko wake. Haivuliwi na mkono mwingine. Haihesabiwi. Haionyeshwi watu. Koleta hazungumzi juu yake hata na mimi. Mamere naye alikubali zamani watoto wapimwe nazo, kwa kuogopa akina mama wasije wakaacha kuja.

Naogopa nyumba ile. Si kwa sababu ya shaba. Kwa sababu ya ukimya.

Alhamisi, 10 Oktoba

Filipo: kilo sita na gramu mia nane. Tena.

Mama Justina alinitania mbele ya wote, kama kawaida yake. Alisema, "Mademoiselle wa kilo, utaolewa na hii muzani? Inakupenda, lakini haiko na hata suruali." Wote walicheka. Nilicheka pia. Mtoto wake Justina ana kilo nne. Alishuka, akapanda kidogo, leo ameshuka. Maziwa ya unga ni machache, kwa hiyo yana kanuni: mtoto apewe akishuka mara mbili mfululizo. Justina hajawahi kushuka mara mbili mfululizo. Filipo hajashuka kabisa.

Jioni nilimuuliza Papa kama mtu anaweza kukonda bila kupungua. Papa ni seremala. Alisema mbao hukauka na kuwa nyepesi, hajui zaidi ya hapo.

Macho yangu yanasema jambo moja na mizani jambo lingine. Nimefundishwa kuamini mizani.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimekaa mchana kutwa na karatasi ya miraba. Kila mtoto mstari wake, kila Alhamisi nukta moja, kuanzia mwisho wa Agosti.

Sikutegemea nilichokiona. Watoto wote wanatetemeka. Wanene hata wembamba. Mmoja alipata homa, nukta imezama. Mwingine ameota jino, imezama, kisha imeruka. Hata yule wa Simi-Simi mwenye kilo tisa, mstari wake ni kama njia ya mlevi. Nilikuwa nimezoea kuchukua nukta zote na kuzisaga kuwa namba moja. Sikuwahi kutazama zimekaa mbali kiasi gani. Mamere aliwahi kutaja neno lake, écart, siku moja tu, kengele ikalia. Nimeliita mtawanyiko.

Wastani husema wako wapi. Mtawanyiko husema wanaishije.

Mistari mitatu haitetemeki. Imenyooka kama imepigwa rula. Watoto watatu, kati ya thelathini, na wote watatu miguu yao imefungwa kitambaa cheusi.

Wa kwanza ni Filipo.

Nimefunika karatasi kwa mkono. Mtoto aliye hai hupanda na kushuka. Ni kitu gani kisichopanda wala kushuka? Nilijua jibu, na sitaki kuliandika hapa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nilimwonyesha Mamere karatasi kabla akina mama hawajafika. Alivaa miwani. Alitazama vizuri, si kwamba alidharau. Akaniambia kwa Kiswahili chake, "Mon enfant, muzani haisemaka uongo. Mutoto hashuki, donc hakosi kitu. Ile yenye kutembea ovyo ndiyo ya kuogopa."

Mimi naona kinyume. Sikuweza kueleza. Namba nilikuwa nazo, sababu sikuwa nayo.

Filipo: kilo sita na gramu mia nane.

Kisha nikafanya upumbavu. Alikuwa bado kwenye sahani. Niliingiza vidole kwenye fundo la kitambaa cheusi. Nilitaka tu kuona. Mama Lobela alinipiga mkono. Si kwa nguvu, lakini kelele zote zilizimika, na nikasikia maporomoko kama yamesogea mpaka mlangoni. Koleta alimchukua mwanawe bila kunitazama.

Mama Lobela alisema polepole, "Wewe uko mutoto ya masomo. Hii haiko ya masomo."

Mkono hauumi. Naogopa hata hivyo.

Ijumaa, 18 Oktoba

Habari imefika nyumbani kabla yangu. Papa hakunigombeza. Aliendelea kupiga randa, kisha akasema, "Vero, mimi mukristo. Lakini ule mutoto akikufa, watauliza ni mukono ya nani iligusa mara ya mwisho. Isikuwe yako."

Hilo ndilo nililokuwa nikiliogopa tangu jana, na sasa lina sauti ya Papa.

Sala zangu ni fupi. Fanya wasije wakaacha kuja. Hiyo tu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Koleta hakuja. Wale wawili wengine wenye kitambaa cheusi hawakuja. Ni kwa sababu yangu.

Mama Justina pia hakuja. Justina alikufa Jumanne. Kuhara, siku moja. Nilipata habari kwenye foleni, kutoka kwa mtu aliyekuwa akimpangusa mtoto wake pua.

Nikapima waliokuja. Mamere alijumlisha, akagawanya. Wastani umepanda. Sasa ni zaidi ya kilo saba. Kalamu yake ilisimama, nikaona kwamba naye ameelewa. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Aliandika namba kama ilivyo, kwa sababu ndiyo namba.

Mtoto mwepesi kuliko wote amekufa, na namba inasema maporomoko yamenenepa. Wakifa wembamba wote, wastani utakuwa mzuri sana.

Nilikwenda nyuma ya kituo nikaosha sahani ya mizani mara tatu. Si uchafu. Ni hofu tu, ilikuwa imejaa.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimejua.

Nilikwenda na kopo la maziwa nililonunua mjini na makayabu kidogo, samaki wa chumvi, kama mtu anayeomba radhi. Koleta alinipokea mlangoni. Filipo alikuwa amelala mgongoni kwake, kichwa kimelegea. Sikuomba kumshika.

Mama Lobela alikuwa uani anatwanga. Aliniona, hakuacha kutwanga. Mkono wake wa kulia ulipanda na kushuka, ukapanda na kushuka, na hakukuwa na sauti yoyote isipokuwa ya mchi. Nikasimama pale kama mti. Ubatizo wa Filipo, Januari: mkono ule ulikuwa na shaba kutoka kifundo hadi kwenye kiwiko, ukilia kwa kila alichokifanya, mpaka padri akatabasamu. Ndiyo maana sikumsikia akija nyuma yangu. Leo kuna bangili nne tu, juu karibu na kiwiko, zimebana nyama, hazigongani. Chini yake ngozi ina alama za mviringo, nyeupe kidogo, moja chini ya nyingine. Mahali pa bangili zisizokuwepo.

Nilimfuata Koleta ndani. Nilimuuliza jambo moja: zinakwenda wapi. Alilia kabla ya kujibu. Alisema kwa sauti ya chini, "Kila mara akiugua, Mama anatoa moja kwa mukono yake, anamuvalisha. Ugonjwa ikitoka, bangili inarudia. Hakuna yenye ilisharudia, Vero. Hata moja."

Basi. Mtoto anaumwa, anapungua. Koko anampa shaba. Mtoto anaumwa tena, anapungua tena, anapewa shaba nyingine. Alhamisi anawekwa kwenye sahani, na mizani inasema hajabadilika. Mizani haikusema uongo. Koko alifanya la koko kwa mapenzi yote. Mamere alifuata kanuni. Na mtoto anayeyuka katikati yetu, na shaba inajaza pengo lake, wiki baada ya wiki, kwa usawa ambao hakuna mtu aliyeukusudia.

Mstari ule ulionyooka ni wa watu wawili. Mmoja anapungua mwili, mwingine anapungua mapambo.

Jumapili, 27 Oktoba

Misa nimekaa tu. Sikusikia neno la mahubiri.

Nikizivua mwenyewe nitajua uzito wake. Na akifa wiki ijayo, nitakuwa nimemuua, kwa macho ya maporomoko yote, kwa macho ya Koleta. Je, kwa macho yangu? Nimesoma, nimebatizwa, na bado naogopa kugusa lile fundo. Sijui kama naogopa shaba au naogopa watu. Sitaki kujua.

Nisipozivua, atabaki karibu na wastani mpaka siku ya kuzikwa.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimekwenda kwa Mama Lobela. Alikuwa peke yake, anakarabati kikapu cha mtego, kile kikubwa kuliko mtu. Sikujua nianze vipi, nikaanza kwa kukaa chini na kumshikia fito.

Nilimwambia ukweli wote. Kwamba mtoto ni mwepesi kuliko mizani inavyosema. Kwamba shaba yake inapimwa pamoja na nyama yake. Kwamba kuna maziwa na kuna kitanda hospitalini kwa mtoto anayeshuka, na Filipo ameshuka bila mtu kuona. Kwamba nahitaji kupima bangili zake, au angalau kujua ni ngapi.

Alifunga fundo, akalikata kwa meno. "Kutoa, hapana. Kuhesabu kwa mutoto, hapana. Nilizika wawili. Wale hawakuvaa kintu."

Nilisema, "Mama, naogopa."

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu ile Alhamisi. "Na mimi naogopa. Unazani ninafanya hii yote juu ya nini?"

Nilimshikia fito mpaka akamaliza. Nimeshindwa. Njiani mvua ilinikuta na sikukimbia.

Jumatano, 30 Oktoba

Koleta alipita sokoni, akanikuta. Filipo hanyonyi vizuri. Analala, anaamka, analala.

Kesho Alhamisi. Hawatakuja. Najua hawatakuja. Nimemuuliza Mamere kama anaweza kumpeleka hospitali mtoto ambaye kadi yake haijashuka. Alisema daktari atatazama kadi kwanza. Kadi ya Filipo ni safi kuliko zote.

Alhamisi, 31 Oktoba

Walikuja.

Walikuja wa mwisho, wakati tayari nafunika mizani. Mama Lobela mbele, Koleta nyuma. Wanawake waliokuwa wakiondoka walirudi na kusimama mlangoni.

Mama Lobela hakusalimia. Alinyoosha mkono wake wa kulia juu ya meza, kiganja juu, kama mtu anayetaka kuchomwa sindano. Akasema, kwa sauti ya wote kusikia, "Mutoto hahesabiwi. Lakini mukono yangu haiko mutoto. Hesabu mukono."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Alama. Kila bangili iliyo mguuni kwa Filipo imeacha alama yake kwenye mkono huu. Desturi imekataza kuhesabu zilizoko. Haikusema neno juu ya zisizoko. Amekaa siku tatu anatafuta mlango huo, na ameupata yeye, si mimi.

Nilihesabu kwa kidole, bila kutamka. Alama nane.

Kisha akafanya kile ambacho sikuthubutu kuomba. Alizivua zile nne zilizobaki, moja moja, akizisukuma kwa mate juu ya nyama, akaziweka kwenye meza. Mkono wake ulikuwa mtupu kabisa. Akasema, "Zitalala hapo kidogo tu. Fanya mbio. Mukono ikiwa mutupu, mutoto hana mulinzi."

Nikapima moja baada ya nyingine. Vidole vyangu vilikuwa vya mtu mwingine. Gramu mia na kumi. Mia na kumi. Mia moja. Mia na ishirini. Waya uleule, mhunzi yuleyule. Kutoka nyepesi hadi nzito ni gramu ishirini tu. Mamere alikuwa anaandika, na nikaona kalamu yake inasubiri. Nikamwambia: hapa tunaweza kutumia wastani, Mamere, kwa sababu zinakaa karibu karibu. Gramu mia na kumi. Hapa kiti kina mtu.

Mara nane. Gramu mia nane themanini.

Filipo kwenye sahani: kilo sita na gramu mia nane, kama siku zote. Toa shaba. Kilo tano na gramu mia tisa na ishirini. Koleta alisema mwisho wa Agosti mkono wa Mama ulikuwa umepoteza mbili tu. Maana yake wakati ule Filipo alikuwa na kilo sita na gramu karibu mia sita. Amepoteza zaidi ya nusu kilo machoni petu, kila wiki nikimwinua kwa mikono hii.

Mamere alichukua kadi safi ya Filipo, akapiga mstari juu ya safu nzima. Aliandika barua ya hospitali akiwa amesimama. Halafu akamwambia Mama Lobela, "Asante, Mama," na sauti yake haikuwa ya mtawa.

Mama Lobela alikuwa ameshavaa zake nne. Alimfunga mtoto mgongoni mwa Koleta, akavuta kitambaa cheusi kikakaa vizuri.

Kule mlangoni koko mwingine alianza kukunja mkono wa nguo yake, polepole, akitazama alama zake.

Ijumaa, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Filipo yuko wodini. Daktari alitaka shaba itolewe. Mama Lobela alikaa sakafuni mbele ya kitanda, na daktari akaona ni rahisi zaidi kuiacha. Wanampa maziwa kwa kijiko. Anatapika nusu.

Sasa naogopa kwa namna nyingine. Tulimpima bila mlinzi, kwa muda wa kuweka na kuondoa bangili nne. Ni ujinga. Nauandika ili uonekane ni ujinga.

Jumatatu, 4 Novemba

Homa. Mama Lobela amempa bangili ya tisa. Niliona akiivua. Nilitoka nje, nikasimama chini ya mwavuli wa mtu nisiyemjua.

Papa amekuja na kiti kidogo alichokitengeneza ili Koleta asikae chini. Alikiweka, akaondoka bila kuniangalia usoni.

Ijumaa, 8 Novemba

Homa imeshuka. Amenyonya. Amelia. Alilia kwa hasira, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akalalamika. Koleta alicheka na kuziba mdomo wake, akacheka tena.

Sitaki kufurahi bado.

Alhamisi, 21 Novemba

Kituoni wale wawili wengine wa kitambaa cheusi wanapata maziwa. Koko zao walileta mikono. Mmoja alama tano, mwingine sita.

Mamere amebadilisha kitu bila kutangaza. Chini ya wastani sasa anaandika mwepesi kuliko wote na mzito kuliko wote. Namba tatu badala ya moja. Na jina la yule mwepesi. Aliniuliza kama inatosha. Nilisema haitoshi, lakini ni bora. Alicheka kidogo. Ni mara ya kwanza nimemjibu hivyo.

Mama Justina alikuja, bila mtoto. Alisaidia kukunja vitambaa. Aliuliza kama nimeshaposwa na mizani. Nilimwambia bado tunazungumza mahari. Alikunja vyote, akavipanga, akaondoka. Nililia baadaye, juu ya vitambaa vile.

Alhamisi, 12 Desemba

Maji yameanza kushuka. Magogo yametoka, yameota ukoko wa kijani, na wanaume wanapanda juu yake kufunga kamba upya. Bazile amerudi. Njia nzima ya kuja kituoni inanuka moshi wa samaki.

Watoto thelathini na moja. Wastani sikuukumbuka mpaka nimefika nyumbani.

Filipo ametoka hospitali wiki mbili sasa. Wiki iliyopita mizani ilisema kilo saba na gramu mia mbili, na shaba. Leo kilo saba na gramu mia moja na kidogo. Ameshuka. Kalamu ya Mamere ilisimama. Koleta alinitazama. Nilimtoa kwenye sahani, alikuwa mzito mikononi, akanishika pua na kuivuta kwa kucha.

Nikaandika namba ya chini kwenye kadi yake na sikuogopa. Nilikuwa nimeshasikia sababu yake, kabla hatujaanza, nikiwa nimeinama napangusa sahani. Wiki iliyopita ilirudi moja mkononi kwa koko. Bangili moja chini kwenye kifundo haina sauti. Leo imerudi ya pili, na mbili zinagongana. Sikuhitaji kugeuka. Nilisema, "Karibu, Mama Lobela," na yeye akacheka nyuma yangu.